Daktari Akikosea: Baraza au Mahakama?

Mtu wa Kisumu aliyeumizwa na uzembe hospitalini ana njia kuu mbili, na hazifanani hata kidogo.

Baraza la Madaktari (KMPDC) halihitaji wakili. Unaandika lalamiko, unaambatisha nakala za matibabu, daktari anatakiwa kujibu. Likimpata na kosa, Baraza laweza kumwonya, kusimamisha leseni yake au kumfuta kwenye rejista. Ila ukitaka fidia ya maana, usiitegemee njia hii.

Fidia ni kazi ya mahakama, na huko ndiko miaka inakoliwa. Dai lisilozidi shilingi milioni 20 husikilizwa na hakimu mkuu. Likizidi, Mahakama Kuu. Kinachokwamisha hasa ni shahidi mtaalamu. Nani yuko tayari kusimama kizimbani dhidi ya daktari anayekutana naye wodini kila wiki? Mara nyingi utamtafuta Eldoret au Nairobi, umlipe, kisha kesi iahirishwe. Ukisharudishwa nyumbani mara kadhaa, upatanishi wa mahakama, uliopangiwa siku 60, huanza kuvutia hata kama hela ni kidogo.

Sasa mtego wenyewe: kulalamika kwa Baraza hakusimamishi saa ya sheria, yaani muda wa kufungua kesi. Kushtaki hospitali ya kibinafsi una miaka 3. Kuishtaki serikali, miezi 12 tu. Mimi ningeanza na Baraza, maana matokeo yake husaidia kortini, lakini wakili awe na tarehe ya mwisho ya kushtaki mkononi. Na faili la mgonjwa liombwe leo, kwa maandishi.