Vitabu nilivyovisoma kwa sikio

Ninapochukua kitabu cha hadithi, kiwe cha aina yoyote, nasikiliza kwanza watu wake wanavyozungumza. Kisa kiwe kizuri namna gani, wahusika wakiongea kama barua ya serikali, nakifunga. Wakiongea kama watu ninaoweza kukaa nao barazani, hata kisa kikiwa chembamba nitawafuata hadi ukurasa wa mwisho. Mimi si mwalimu wala mhakiki. Nasoma jioni kazi zikishaisha, na nasoma chochote: upelelezi, mapenzi, mashairi, tamthilia, hata safari za angani. Haya ni maoni yangu juu ya vitabu nilivyosoma au kuvirudia karibuni.

Nianze na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Maiti ya Bwana Ali inakutwa kwenye mzimu, watu wanaanza kunong'onezana habari za mashetani, na Bwana Msa anakaa zake na kiko mdomoni, anauliza. Anauliza, ananyamaza, anamwacha mtu ajifunge kwa maneno yake mwenyewe. Najum, rafiki yake, anarukia jibu kabla ya wakati, na Inspekta Seif naye ana haraka zake za kipolisi. Raha ya kitabu iko hapo, katika kupokezana maneno, katika ule utani wa Kiunguja unaochoma bila kutukana. Anayetaka mbio na risasi atachoka mapema. Mimi nilichoka mwishoni tu, Bwana Msa anapoanza kufumbua fumbo, maana maelezo yanarefuka na siri za ukoo zinapandiana. Lakini nilikuwa nimeshashiba.

Anayezitaka hizo risasi aende kwa Elvis Musiba. Kufa na Kupona, cha mwaka 1974, kina Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania asiyelala, asiyekosa shabaha na asiyekosa nguo nzuri. Kinasomeka kwa mkao mmoja. Hakuna sentensi inayokaa bure, na naamini vijana wengi walioanza kupenda kusoma walivutwa na vitabu vya namna hii kabla ya vile vya shuleni. Tatizo langu ni wanawake wake. Wanaingia wakiwa warembo, wanatoka wakiwa warembo, na katikati hawasemi jambo ambalo ningelikumbuka kesho yake.

Linganisha na Mwajuma wa Vuta N'kuvute! Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu riwaya hii ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, ndiyo ninayoipenda kuliko zote za Kiswahili nilizosoma. Yasmin ni binti wa Kihindi, ana miaka kumi na mitano, ameozeshwa kwa Bwana Raza, mwanamume mwenye umri wa kumzaa. Unguja iko chini ya Waingereza. Binti anakimbia ndoa, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, anayependa taarabu, marafiki na maisha yake mwenyewe. Mwajuma hafanyi hotuba juu ya uhuru wa mwanamke. Anacheka, anapika, anamshauri mwenzake, anamsuta anapostahili kusutwa, na maneno yake yana harufu ya chumba chake. Baadaye Denge anaingia, kijana wa siasa anayewindwa na makachero, na mapenzi yake na Yasmin yanakwenda sambamba na vita vya kumwondoa mkoloni. Mwandishi mwingine angemgeuza Denge kuwa kipaza sauti. Adam Shafi anamwacha apende, aogope, apoteze. Filamu aliyoitengeneza Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021, ni nzuri kwa macho, na ninaipendekeza, ila asiyesoma kitabu atakuwa amemkosa Mwajuma nusu nzima.

Kuli, riwaya ya awali ya mwandishi huyohuyo, sikuipenda kiasi hicho. Mgomo wa wafanyakazi wa bandarini Unguja mwaka 1948 ni habari kubwa, na kurasa za mizigo, jasho na ajali zinauma kweli. Lakini makuli wanapokutana kupanga mgomo, ghafla wote wanasema kwa sauti moja.

Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, kinanihuzunisha kila nikikishika. Kiliwahi kuzuiwa mashuleni, na naelewa kilivyowashtua wakubwa wa wakati ule. Sielewi tu kwa nini walishtushwa na mwenendo wa Rosa kuliko ukimya wa nyumba yake. Zakaria, baba yake, ni mlevi mkali kwa mabinti. Regina, mama, anabeba kila kitu. Pale Ukerewe, nyumba nzima inaishi kwa kuviziana. Rosa anakua bila kuzungumza na mwanamume yeyote, halafu anaingia katika dunia iliyojaa wanaume bila neno hata moja la kujikinga. Asiyependa kujua mwisho aruke hadi aya inayofuata. Baba na binti, walioshindwa kuzungumza walipokuwa hai, wanakutana mbele ya Mungu kila mmoja akimshitaki mwenzake, na hapo ndipo yanasemwa yaliyopaswa kusemwa jikoni miaka yote ile. Wapo wanaoona sehemu hiyo imebandikwa. Kwangu kitabu kizima kilikuwa kinaielekea.

Sasa Shaaban Robert. Najua nitawaudhi baadhi yenu. Kusadikika, cha mwaka 1951, kina Kiswahili ambacho sitakipata kwingine: sentensi zimepangwa kwa utulivu na kwa adabu, na nikizisoma kwa sauti nazifurahia hata kabla ya kuwaza maana. Nchi inayoelea hewani, Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, anajitetea kwa visa vya wajumbe waliotumwa pande zote, chini na mbinguni, wakarudi na mema na kuzawadiwa kifungo. Wazo hilo bado linawasha. Ila Karama, waziri Majivuno na wajumbe wote wana ulimi mmoja, ulimi wa Shaaban Robert. Nakisoma kama mawaidha mazuri sana. Kama riwaya, sikuwahi kumhofia mtu yeyote ndani yake.

Walenisi cha Katama Mkangi kina udhaifu wa jirani na huo. Mwanzo unashika koo: Dzombo amehukumiwa, anaingizwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kuwa kifo chake, naye anakifahamu na kufika nchi nyingine. Nilitetemeka. Akishafika huko ambako watu wanaishi kwa haki na usawa, anatembezwa na kuelezwa, anatembezwa na kuelezwa tena. Mawazo ni mazito na ya kiungwana, lakini nilitamani wenyeji wagombane walau mara moja.

Katika mashairi nina kimoja tu cha kuwasukumia: Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla. Aliyatunga akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, kwa sababu ya waraka wake uliouliza Kenya inakwenda wapi, na aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Ukijua hivyo unatarajia kilio kitupu. Badala yake kuna shairi la mnazi ambamo watu wawili wanashindania mti mmoja, hoja kwa hoja, kila mmoja akimjibu mwenzake. Mtu aliyefungwa peke yake alitunga mabishano! Kimvita chake, yaani Kiswahili cha Mombasa, kitawapa shida wasiokizoea. Nilikisoma polepole, nikirudia beti kwa sauti hadi zikafunguka.

Tamthilia huwa nazikwepa, maana kusoma mchezo bila jukwaa ni kazi. Kinjeketile cha Ebrahim Hussein kilinishinda nguvu. Kinahusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, ambamo watu waliamini kwamba maji ya dawa ya Kinjeketile yangewakinga na risasi, na mwisho wake unasimama juu ya kusema na kutosema: Kinjeketile anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa, kwa sababu neno lililowaunganisha watu limeshakuwa kubwa kuliko yeye aliyelitoa. Ni kitabu chembamba. Kisomeni wawili, mkigawana sehemu.

Cha mwisho ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz ili kufidia deni la baba yake, na pale dukani Khalil anamweleza bila huruma kwamba mtu yule si mjomba wake. Mazungumzo ya vijana hao wawili, matusi yao, udugu wao, yanasikika kana kwamba yalikuwa yanasubiri kusemwa kwa lugha hii. Safari ya bara ilinichosha kidogo katikati. Khalil hakunichosha hata siku moja.

Kuhusu vitabu vyenyewe kama bidhaa, nina lawama moja. Baadhi ya matoleo mapya ya vitabu vya zamani yamejaa makosa ya chapa, na nakala moja niliyonunua ilianza kuachia kurasa kabla sijafika nusu. Kabla ya kulipa, ifungueni katikati na muivute kidogo gundi.

Nikitazama rafu yangu naona kwamba Mwajuma, Regina na Rosa, wanawake waliokaa nami kuliko wote, wote wameandikwa na wanaume. Nimeshanunua Mungu Hakopeshwi cha Zainab Alwi Baharoon, na ndicho kinachofuata. Anayejua riwaya nyingine za Kiswahili zilizoandikwa na wanawake, hasa za upelelezi, anitajie.