Filta ya polaraiza ya milimita 67: nunua kabla majani hayajaanguka

Mwishoni mwa Septemba miti ya mepo, ile ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, huiva nyekundu tupu kule kwenye hifadhi ya Algonquin, Ontario. Tatizo ni mvua: majani yakilowa yanang'aa, na picha inatoka na weupe weupe. Funga filta hii, kioo cha kukata mng'ao, mbele ya lenzi yenye kipenyo cha filta cha milimita 67, zungusha pete yake taratibu huku ukitazama skrini ya kamera. Mng'ao unafutika, wekundu unakolea, hadi mishipa ya jani unaiona. Nimeipenda mno! Programu ya kuhariri haiwezi kurudisha rangi ambayo kamera haikuinasa. Filta hii inakula mwanga, kwa hiyo msituni beba tripodi, ile miguu mitatu ya kutuliza kamera. Kwa lenzi inayonasa eneo pana ivue, anga hutoka na mabaka. Pete ni nyembamba. Ukivaa glavu inasumbua kuishika.