Oili ya sinthetiki au ya kawaida kwa Peugeot 504: uzoefu wangu Malindi

Nimetumia oili ya sinthetiki, ile ya kutengenezwa kiwandani kwa kemia, na ya kawaida kwenye injini moja, tena hapa hapa Malindi. Naandika kwa sababu kila nikiegesha gari mjini hakosi mtu wa kuniuliza ninaitia oili gani.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya petroli, injini ya lita mbili, ya kabureta. Peugeot waliitoa 1968, na huku kwetu jina lake lilikuzwa na Safari Rally: Ove Andersson alishinda nayo 1975, Jean-Pierre Nicolas akashinda 1978. Wengi wa rika langu wanaikumbuka zaidi kwa zile Pijo za abiria za masafa marefu. Ni injini ngumu, lakini imetengenezwa kwa oili za zama zake, na hapo ndipo maswali yanapoanza.

Kamshafti ya 504, yaani mhimili unaofungua valvu, iko ndani ya bloki, na inasukuma tapeti bapa, vile vipande vya chuma vinavyopeleka msukumo kwenye valvu. Pale chuma kinasuguana na chuma kwa nguvu nyingi, na kinachokilinda ni dawa ya zinki na fosforasi iliyochanganywa ndani ya oili. Viwango vipya vya API, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya oili, vimepunguza fosforasi kwenye oili nyepesi kama 5W-30 (namba ya kwanza ni uzito wa oili ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto), kwa kuwa inaharibu kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye magari ya kisasa. 504 yangu haina kifaa hicho. Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia neno "sinthetiki" peke yake. Kuna sinthetiki yenye zinki ya kutosha na kuna isiyo nayo. Soma namba za uzito kwanza.

Mimi nilitia sinthetiki ya 5W-40. Nitasema haki yake: asubuhi tapeti zilinyamaza mara tu injini ilipowaka, na baada ya kukwama kwenye foleni ya Mtwapa saa za jua kali, gari likiwa limejaa watu na mizigo, oili kwenye dipstiki bado ilikuwa safi, haina harufu ya kuungua. Kwa kuvumilia joto, sinthetiki haina mpinzani.

Ila nina tabia ya kutandika kadibodi chini ya injini usiku. Kwa oili ya kawaida nilikuwa naona doa dogo tu, la ukubwa wa kifungo cha shati. Kwa sinthetiki doa likaenea kama sahani, likitoka upande wa nyuma, kwenye sili ya krankishafti, ile ya kuzuia oili isivuje pale mhimili mkuu wa injini unapotokea. Na injini ikipata moto kisha nikasimama bila kuzima, taa ya oili ilianza kupepesa, dalili kwamba presha ya oili imeshuka.

Fundi wangu wa Maweni aliinama, akapitisha kidole chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, akakinusa. "Ami," akaniambia, "usiilaumu oili. Sili imechoka. Ile nzito ilikuwa inakusitiri tu."

Nakubaliana naye. Yale maneno kwamba sinthetiki inakula sili yana asili yake, kwani baadhi ya zile za mwanzo, za miaka ya 1970, zilifanya sili zisinyae. Za leo zimetiwa dawa ya kuzuia hilo. Lakini sinthetiki nyingi ni nyepesi, na husafisha ule uchafu wa miaka mingi uliokuwa umeziba nyufa. Injini kuukuu ambayo haijafunguliwa itavuja, na kule kusafishwa ndiko kutakakoionyesha.

Nikarudi kwenye 20W-50 ya kawaida. Taa ikatulia, doa likapungua, na siongezi oili tena kati ya sevisi na sevisi. Inakuwa nyeusi mapema, hilo ni kweli. Ile sifa kubwa ya 5W, kuwaka haraka kwenye baridi, Malindi hatuihitaji. Hapa hata usiku wa Julai hakuna baridi ya kugandisha oili.

Jambo lililonikata shauri ni matumizi yenyewe. Gari la zamani linalala sana. Linatoka Ijumaa, linakwenda Watamu au Mambrui, linarudi. Kabureta huachia petroli kidogo ikashuka kwenye oili, na unyevu wa bahari nao unaingia. Oili hiyo inaharibika kwa kukaa, hata ikiwa ya bei gani, na lazima uimwage angalau mara moja kwa mwaka. Sinthetiki inauzwa ghali kwa ajili ya kutembea masafa marefu bila kubadilishwa. Mimi faida hiyo siifikii. Bora pesa hizo ninunue oili ya kawaida na filta mpya, nimwage kila kilomita 3,000.

Kama injini yako imefunguliwa, ina ringi na sili mpya, na unakwenda Mombasa kila wiki, sinthetiki nakushauri bila wasiwasi, ilimradi iwe nzito, 10W-50 au 20W-50. Na ukiwa barabarani oili ikapungua, kuchanganya hizo mbili hakuui injini.

Jambo la mwisho ni bandia. Chupa ambayo lakiri ya kifuniko imelegea, au haina alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, irudishe hapo hapo dukani. Mimi chupa tupu naikata kwa kisu kabla ya kuitupa, ili asitokee mtu wa kuijaza upya na kuiuza.