Supaglu yenye praima: inashika dumu na ndoo, ila kwa masharti

Ukiulizia gundi ya plastiki kwenye maduka ya vifaa Kariakoo, ni rahisi utoke na kichupa cha supaglu 502. Kwa kasha la redio la ABS, ile plastiki ngumu ya vifaa vya umeme, inafaa. Kwa dumu la mafuta, ndoo au kifuniko cha hotpoti, hela imepotea: gundi inakauka vizuri, halafu inabanduka nzima kama gamba la samaki.

Vyombo hivi hutengenezwa kwa polithini au polipropilini, plastiki zenye uso kama wa nta, kwa hiyo gundi hujikusanya juu yake badala ya kutandaa. Gundi ya mabomba ya PVC nayo haifui dafu, maana kazi yake ni kuyeyusha plastiki, na hizi mbili haziyeyuki kwayo.

Ndiyo maana Loctite Plastics Bonding System inastahili kutafutwa. Ndani kuna vitu viwili: kalamu ya praima (dawa ya kupaka kwanza ili gundi ishike) ya mililita 4 na kichupa cha gundi cha gramu 2. Praima ndiyo unayoilipia hasa. Bila hiyo umenunua supaglu ya kawaida kwa bei kubwa.

Kwanza ijue plastiki yako. Geuza chombo utafute pembetatu: namba 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini. Kama hakuna alama, kata kipande ukitose majini. Polithini na polipropilini huelea, ABS na PVC ngumu huzama.

Osha kwa sabuni, kausha, piga msasa kidogo, kisha futa kwa spiriti. Mafuta ya kula yakibaki kwenye dumu, hakuna gundi itakayokuokoa. Pitisha praima pande zote mbili, safu moja nyembamba, usubiri dakika moja ikauke. Wengi huharibu hapa: wanapaka mara tatu wakidhani wanaongeza nguvu, kumbe praima ikizidi inapunguza mshiko. Weka tone la gundi upande mmoja tu, unganisha mara moja, bana bila kutikisa kwa nusu dakika, kisha uache hadi kesho yake kabla ya kuitumikisha. Gundi iliyomwagika usiifute kwa pamba, kwani hupata moto mkali na inaweza kuunguza vidole.

Inashika vizuri pale vipande vinapolaliana, tuseme sentimita 2, na mzigo unavuta sambamba na uso uliogundishwa. Ukivuta ukingo kama unamenya ndizi, inaachia, kwa sababu supaglu ikikauka huwa ngumu na haina unyumbufu. Nafasi pana haizibi. Ufa wa simtank, yaani tangi la plastiki la maji, usijaribu kabisa: huko chomelea kwa joto, ukitumia ukanda wa plastiki ileile, au tafuta gundi ya akriliki ya sehemu mbili kama 3M DP8005, ambayo huchanganywa 10 kwa 1 na huhitaji bunduki yake. Na vyombo vya maji ya kunywa visiunganishwe kwa supaglu.

Kwa kazi ndogo za nyumbani inatosha, lakini gramu 2 huisha upesi, na hewa yenye unyevu ya Dar huigandisha ndani ya kichupa, kwa kuwa unyevu ndio unaoikausha. Funga kizibo barabara, weka kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu, kisha kwenye friji. Ukiitoa, iache ipoteze ubaridi kabisa ndipo ufungue.