Carbon Intensity: mwaka wangu wa kuchungulia gramu, kutoka Glasgow hadi Cardiff

Tulipohama Glasgow, Uskoti, kuja Cardiff, Wales, mashine ya kufulia ilikuwa ileile na kikapu cha nguo hakikupungua. Namba ndiyo iliyonishtua. Kule, usiku wa upepo, simu ilikuwa ikinionyesha gramu 10 za hewa ya ukaa kwa kila uniti ya umeme, mara nyingine sifuri kabisa. Hapa, jioni ya kwanza nilipoingiza mtaa mpya, ikasoma 312. Nikadhani mtandao unasumbua.

Nazungumzia Carbon Intensity, huduma ya mtandaoni inayokuambia umeme unaotumika eneo lako sasa hivi umetoa gramu ngapi za hewa ya ukaa kwa kila uniti. National Grid, kampuni ya gridi ya umeme, waliianzisha 2017 pamoja na wenzao; siku hizi iko chini ya NESO, chombo cha umma kinachoendesha gridi. Uskoti, Wales na England zimegawanywa mikoa 14, namba hubadilika kila nusu saa, na unaona utabiri wa siku mbili mbele. Ni bure, na hakuna kujisajili. Kwa sisi tuliolelewa na LUKU, mita ya kulipia umeme kabla, kuchungulia namba za umeme ni tabia tu, si kazi.

Ile 312 haikuwa kosa. Kusini mwa Uskoti vilima vimejaa mitambo ya upepo, tena kuna kinu cha nyuklia cha Torness. Huku kusini mwa Wales tuna Pembroke, mtambo wa gesi wa zaidi ya megawati 2,000, na upepo ukilala huo ndio unaoshika zamu. Katika hesabu za huduma hii, uniti moja kutoka mtambo wa kisasa wa gesi ni gramu 394. Upepo, jua, maji na nyuklia ni sifuri. Makaa ya mawe yalipewa 937, lakini kituo cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024.

Kuna kipengele kimoja bado kinanikwaza: kuni. Umeme wa kuchoma miti, kama ule wa Drax kule Yorkshire, unahesabiwa gramu 120 tu. Aliyekulia kwenye jiko la mafiga anajua kuni inavyofuka. Maelezo ni kwamba hewa ya ukaa ya mti huhesabiwa kule ulikokatwa, si unakochomwa. Sawa, ndiyo kanuni, ila moshi wa bombani hauijui kanuni hiyo, na mkoa wenye kuni nyingi unaonekana msafi kuliko macho yanavyoona.

Matumizi yangu ni ya kawaida. Nguo na pasi nazingojesha mpaka mchana wa jua au usiku wa upepo. Wali na chai havingoji. Mama watoto mwanzoni alinicheka, sasa yeye ndiye anayeuliza, "Leo upepo upo?" Msitegemee bili ishuke: kama bei yenu ni moja saa zote kama yangu, mtapunguza gramu tu, senti zitabaki palepale.

Kilichonifungua macho zaidi ni kampuni inayoniuzia umeme, jina tuliache. Kwenye barua zao umeme wangu ni wa kijani asilimia 100. Jioni moja ya Januari, baridi kali, jani halitikisiki, ramani ya huduma hii ikaonyesha mkoa wangu umepakwa rangi ya gramu nyingi kabisa. Nikawapigia. Kijana wa huduma kwa wateja akanisomea maelezo yaleyale ya barua. Baadaye ndipo nikaelewa: wananunua vyeti vya umeme safi kwa hesabu ya mwaka mzima. Cheti cha upepo wa Aprili kinafunika gesi ya Januari.

Sasa kasoro kubwa ya huduma hii. Inahesabu umeme peke yake, na hewa ya ukaa itokayo kwenye kuzalisha umeme tu. Methani inayovuja gesi inapochimbwa na kusafirishwa haimo. Boila yangu ya jikoni, ile ya gesi ya kupasha nyumba joto, haimo. Wiki moja ya Januari niliandika mita zote mbili kwenye daftari: umeme uniti 58, gesi uniti 310. Umeme, kwa wastani wa gramu 240, ulikuja kama kilo 14. Gesi, kwa takriban gramu 180 kwa uniti, kilo 56. Yaani nimekaa naviziavizia upepo nifue soksi, huku boila inanguruma nyuma ya mgongo wangu ikitoa mara nne ya hayo yote.

Ukitaka picha inayojumlisha gesi ya majumbani na magari, serikali huchapisha takwimu za kila halmashauri, kuanzia 2005. Nimezipitia za Cardiff. Ni nzuri, lakini ni za mwaka mzima na zinachelewa kama miaka miwili. Hazikusaidii kuamua ufue saa ngapi.

Nyota nne kati ya tano. Mtu anayetumia hita za umeme au gari la umeme angeipa tano, kwa sababu kwake namba hii ndiyo karibu hesabu yote. Na ukiijaribu, andika nusu ya kwanza tu ya postikodi. Mimi niliandika nzima, ikanikatalia, nikaanza kulaumu simu.