Mafuta ya nyonyo, asali na shubiri kwa macho makavu: kipi ununue, kipi uache

Kati ya dawa za mimea zinazouzwa kwa ajili ya macho makavu, tunaipendekeza moja tu: mafuta ya nyonyo. Nayo ina sharti lake. Yapakwe juu ya kope, yasitiwe jichoni.

Chozi hufunikwa na utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yake yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi zilizojipanga ukingoni mwa kope. Kwa wagonjwa wengi tezi hizo zimeziba, na mafuta yake yameganda kama samli ya asubuhi ya baridi. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kope. Huko New Zealand, watu 26 wenye uvimbe wa kope walipakwa mafuta ya nyonyo kwenye kope za jicho moja tu, mara 2 kwa siku kwa wiki 4, na jicho la pili likaachwa kwa kulinganisha. Magamba kwenye mashina ya nywele za kope yalipungua upande uliopakwa. Idadi ni ndogo, lakini jaribio lilipangwa vizuri.

Anza kwa joto: kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, juu ya macho yaliyofumbwa, dakika 5 hadi 10. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana kitambaa hupoa ndani ya dakika chache na ni lazima kichovywe tena na tena. Kisha sukuma kope taratibu kuelekea kwenye nywele zake, futa, halafu paka tone moja kwa kijiti cha pamba kwenye mashina ya nywele, macho yakiwa yamefumbwa. Fanya hivyo usiku, kwa sababu yakipenya kidogo utaona ukungu. Lenzi za kuvaa jichoni zivuliwe kwanza.

Kwenye ununuzi, soma lebo mpaka mwisho. Mafuta ya nywele mara nyingi huongezwa manukato au mentoli, na hivyo huchoma jicho vibaya sana. Yale meusi ya mbegu zilizokaangwa yaache. Mafuta halisi ni mazito na huteremka polepole. Yakitiririka kama ya kupikia, yamechanganywa. Yakinuka uchachu, tupa.

Asali ya jikoni isiguse jicho. Matone ya asali ya manuka (mti wa New Zealand) yaliyofanyiwa majaribio husafishwa kiwandani, na hata hayo huwasha yanapotiwa. Shubiri ya kukata bustanini ni mbaya zaidi: utomvu wake wa njano huwasha, na ute wake hubeba vijidudu. Chai ya kamomili imewahi kuripotiwa kusababisha mzio wa macho kwa watu walioitumia kuyaosha. Kwa wagonjwa wa vidonda vya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, waliochunguzwa Tanzania katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, karibu robo walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho. Kidonda cha konea huacha kovu, na kovu huziba nuru.

Usiamini nafuu ya wiki ya kwanza. Mwaka 2018 Marekani ilitoa matokeo ya jaribio la mwaka mzima: wagonjwa 349 wa macho makavu walimeza miligramu 3,000 za omega-3 (mafuta ya samaki) kila siku, na 186 wakameza mafuta ya zeituni kama dawa bandia ya kulinganisha. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Kwa hiyo paka kope za jicho moja kwa wiki 4, ulinganishe na la pili. Tofauti isipoonekana, chupa hiyo haikufai.

Kabla ya hapo, omba kipimo cha karatasi kwenye kliniki ya macho. Ukanda huwekwa ndani ya kope la chini kwa dakika 5. Ukilowa chini ya milimita 5, jicho halitoi maji ya kutosha, na mafuta ya kope peke yake hayataziba pengo hilo. Ukiwa pia na mdomo mkavu na maumivu ya viungo, mwambie daktari achunguze ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate. Jicho likiuma sana, likiogopa mwanga au likipoteza uoni, nenda siku hiyohiyo.