TAHADHARI: kapteri (vipima-presha) feki, soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Wandugu mafundi, yule kijana wa kofia nyekundu mwenye meza ya kapteri na rele (swichi za umeme) pale soko la Kenya ni mwizi. Mwizi kabisa! Tuliokuwa pamoja Jumamosi mnajua yaliyonipata, sirudii yote.

Boksi la kapteri alilifungua mbele yangu, plastiki haijaguswa, lebo inasema waya mbili, miliampea 4 hadi 20. Akaiunga kwenye umeme wa volti 24, skrini ikawaka: sifuri. Akatia mpira wake wa hewa mdomoni, akapuliza hadi mashavu yakavimba, namba zikapanda. Akaacha, zikarudi sifuri. "Umeona, yaya (kaka mkubwa)? Orijino hii." Mtu ameniuzia rele na fyuzi miaka bila shida, anaongea Kifaransa cha wahandisi wa mgodini, ungemshuku kwa lipi? Nikatoa dola 180 taslimu.

Tukaifunga kwenye tanki la mteja mmoja wa maji, ipime maji kwa presha yake. Tanki tupu, ukiligonga linalia kama ngoma, skrini ya kapteri inasema sifuri, lakini kabine (sanduku linaloongoza pampu) inaonyesha maji yapo asilimia 31! Pampu imepangwa iwake chini ya 20, basi ikalala tu. Mteja akanifokea mbele ya vijana wangu wa kazi. Kupima waya: miliampea 9, na haishuki ng'o.

Kapteri ya waya mbili inakula umeme kwenye waya uleule unaobeba ujumbe. Tanki tupu ni miliampea 4, likijaa ni 20, kwa hiyo vyote vya ndani, pamoja na chipu inayogeuza presha kuwa namba, lazima viishi chini ya hiyo 4. Chipu nzuri za kazi hiyo hazili hata miliampea moja. Huyu kapachika kadi (bodi ya umeme) ya bei rahisi yenye njaa ya 9, halafu akabandika lebo nzuri juu.

Nilipompigia: "Yaya, kabine yako ndiyo mbovu." Kabine yangu! Sasa simu haishiki.

Mkinunua popote, pitisheni multimeta kwenye waya mmoja, isome miliampea, mpira ukiwa wazi. Ikikaa juu ya 4, rudisha. Skrini yake msiiamini. Na namba za seri: boksi zake zote zina namba ileile, nendeni mkaangalie.

Huyu afungwe! Meza yake ichukuliwe, alipe makuta (pesa) ya kila mtu, na mama yake ajue anachofanya mjini. Aliyemwona kahamia wapi aniandikie inboksi, naenda na polisi.